Kapu la Ndiga

Mwaka ule mvua ilisusa, ikabaki chemchemi moja tu, ya Simba. Naye Simba, kwa majivuno yake, hakugawa maji bure. Akatangaza shindano la mapishi, lifanyike siku ya tatu. "Atakayenipikia nisichowahi kula, atakunywa hapa na wanawe mpaka mvua irudi. Mgeni asiyeshinda arudi kwao."

Mgeni alikuwa mmoja, Mama Nungunungu, aliyevuka mto mkavu na watoto wanne. Huko kwao hakukuwa na hata tone. Hakukaa kulia. Alichimba ndiga, viazi vya mwituni vyenye sumu ambavyo wenyeji walivipita bila kuvitazama. Akavimenya, akavikatakata, akatia kapuni na kuloweka katika kijito chembamba kilichovuja kutoka chemchemini. Kwao ndiga hukaa majini siku tatu, sumu iishe, ndipo zipikwe.

Fisi alikuwa akimchungulia. Huyu bwana hajawahi kupika hata uji. Ujuzi wake ni kunusa vyungu vya wenzake. Mama alipokwenda kutafuta kuni, Fisi akakomba kapu, akaacha vipande vichache tu humo. Msimsifu kwa huruma, mikono ilikuwa imejaa tu.

Jioni ile ile akatokea kwa Simba na chungu kinachofuka moshi. "Mzee, ya nini kungoja siku tatu? Hiki ni chakula cha bibi yangu. Kula, unipe chemchemi, tumalizane."

Simba akameza mate. Mama Nungunungu, aliyekuwa akirudi na kuni, akasogea, akavitambua vipande vyake. Alijua Simba akikubali, kesho yeye na wanawe wako njiani.

"Bwana Fisi," akauliza, "umeziloweka siku ngapi?"

"Kuloweka?" Fisi akacheka hadi meno yote yakaonekana. "Kwetu hatuoshi chakula kama nguo."

"Basi usile, baba. Zitakudhuru."

"Sikieni wivu wa mgeni huyo."

Sungura, mpiga mbiu wa Simba, alikuwa ametulia pembeni akiyasikiliza yote. Akakohoa. "Mzee, desturi yetu ni mpishi kuonja kwanza mbele ya watu. Bwana Fisi, onja upawa mmoja tu."

Mmoja! Kumwambia Fisi mmoja ni kumtukana. Akala mmoja, akala wa pili, wa tano akaulamba na mpini. Kisha koo likaanza kumwasha. Ulimi ukavimba, macho yakamtoka, akatapika miguuni pa Simba, na mbele ya wakwe zake wote waliokuja kumshangilia.

"Bibi yako alikupikia hiki mara ngapi?" Sungura akamuuliza kwa upole. Fisi akagugumia, akaonyesha kwa kidole kule kijitoni, kwenye kapu la mama.

Simba akafuta makucha yake majanini. Akaamuru vipande vilivyobaki kapuni viendelee kuloweka kijitoni, na Fisi avilinde mpaka sumu iishe.

Siku ya tatu Mama Nungunungu akapika bakuli moja dogo. Akaonja yeye kwanza. Simba akala, akalamba bakuli, akasahau kujivuna. Watoto wanne wakashuka chemchemini, wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma.

Na Fisi? Siku zote tatu alikaa kando ya kapu, njaa ikimuuma, hakugusa hata kipande. Wala hakuna aliyehitaji kumlinda.