Asilimia za Hezekiah

Ukungu wa msitu wa Buyangu hauna haraka. Hezekiah, aliyewatembeza watalii katika msitu huo, naye alikuwa vivyo hivyo, mtu wa kuwaza akitembea. Mtalii mmoja alimpenda, akampa kipimo cha kujua asili ya mtu: unatema mate kwenye kichupa, kinapelekwa ng'ambo, majibu yanakuja kwa simu. Yakaja. Asilimia arobaini na moja, Nijeria! Uluhya haukutajwa hata kwa dawa.

Lo, kichwa kikamvimba! Kutwa aliota macho wazi: soko asilolijua, wazee wenye kanzu pana wakimpungia mkono. "Mzee wa Lagosi," mkewe Gentrix alimtania akimsogezea ugali, "obusuma inapoa."

Binti yao alipozaliwa, Kukhu Teresa, nyanya yake Hezekiah, alitoka Navakholo kuja kuita majina. Ndiyo ada yao: mtoto akilia, hutajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Majina hayo yalibaki kichwani mwa Kukhu pekee.

"Usijisumbue, Kukhu," Hezekiah alisema. "Hao si damu yetu. Kipimo kimesema."

"Hata mimi niliyemzaa babako?" Kikongwe aliinuka, akajifunga leso, akaenda zake bila kunywa hata chai. Gentrix alilia kwa aibu.

Wiki tatu mtoto aliitwa "huyu" tu. Kisha ujumbe ukaingia. Kampuni ilieleza kwamba kipimo hulinganisha mate ya mtu na ya wale waliokwisha kupimwa, na watu wa magharibi mwa Kenya walikuwa wachache mno. Sasa wameongezeka, hesabu imebadilika. Nijeria: asilimia sita. Tena wakaonya kwamba huenda ikabadilika tena.

Hezekiah alikaa kitako. Siku iyo hiyo alipanda bodaboda hadi Navakholo, akamkuta Kukhu kitandani, homa imemshika, sauti imekauka. Moyo ulimpasuka. Je, majina yangekwenda naye kaburini?

"Nisamehe, Kukhu. Nilikuwa mjinga."

"Mlete," alinong'ona.

Kesho yake, mtoto akilia kwa nguvu zake zote kando ya kitanda cha Kukhu, kikongwe alinong'ona sikioni mwa Hezekiah, naye akayaita kwa sauti majina ambayo hakuwahi kuyajali. Nabwire. Nafula. Auma. Wapi! Mtoto alizidi kulia.

"Maximilla," aliita, jina la marehemu dada yake Kukhu. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho. Sasa aliyelia alikuwa Hezekiah, hadharani, bila haya.

Hakukosea aliyesema: usiache mbachao kwa msala upitao.