Wakesho na Shimo la Saba

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na uwanja wa gofu chini ya kilima. Uwanja wa gofu, kama hamjui, una mashimo kumi na nane, kila shimo na namba yake. Katikati palipita kijito, na kijito hicho kilikuwa kikila kingo zake. Mvua ikinyesha, udongo unakwenda. Mvua ikikatika, maji yanatuama kwenye nyasi wiki nzima.

Wakaitwa watu wanne. Mwandawiro, msimamizi wa uwanja, akachimba mifereji ya kutoa maji uwanjani. Kilambo akaziba kijito kule juu kwa magunia ya mchanga, ili huku chini pakauke, watu wafanye kazi. Wakesho na mumewe Mwakio wakapanda matete kingoni, yashike udongo. Mwakio alichimba mashimo ishirini ya kupandia, akayatia vijiti vya namba. Hakumwambia mtu ila mkewe. Aliona ni jambo dogo.

Siku ya mwisho Mwandawiro akamwambia Kilambo, "Wakesho akimaliza shimo la saba, fungulia maji." Alikusudia kingo penye shimo la saba la gofu, kule mwisho kabisa wa kazi, kijito kinapotoka uwanjani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani husikia!

Wakesho naye alikuwa mtu wa kelele. Kila akimaliza kupanda anamwita mumewe alete miche.

"La tano tayari, baba watoto!"

"La sita tayari!"

"La saba tayari!"

Kilambo alikuwa nyuma ya magunia. Hakumwona, alisikia tu. Akafungulia.

Maji yalimkuta Wakesho ameinama kijitoni. Jamani, hata kupiga yowe hakuwahi. Mwakio alipomfikia, mkewe alikuwa amekwisha kufa.

Kaburini, Mghoi, mama mzazi wa Wakesho, akawazuia wale watatu, kila mmoja na udongo wake mkononi.

"Nyote mna mkono hapa," akasema. "Wawili nawasamehe. Mmoja, mwenye kosa kubwa, hatamfukia mwanangu. Auangushe udongo wake aende zake. Semeni."

Mwandawiro akasema, "Mama, neno lilikuwa langu. Lakini pale kwetu shimo ni la gofu, miaka yote. Ningejuaje kuna saba nyingine?"

Kilambo akasema, "Niliambiwa, nikatii."

"Ulichungulia?"

"Sikuchungulia, mama." Akalia.

Mwakio akapiga magoti. "Namba niliandika mimi, asichoke kuhesabu. Mama, usininyime kumzika mke wangu."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Ajali haina kinga."

"Kinga ilikuwepo!" Mghoi akafoka. "Hawa ndio hawakuitumia."

Akawangoja. Sasa nyinyi, msiniambie wote watatu, maana mama alisema mmoja. Je, nani alistahili kuuangusha udongo wake na kuondoka?