Amplifaya ya Wati Elfu Kumi na Jabali la Pimbi

Nina ngano begani!

— Ishushe!

Nikiishusha itapiga kelele.

— Ipige, tuko macho!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, maana mimi sina spika, nina koo hili hili.

Palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi: mfupi, mnene, mkia hana, na ukimuuliza mkia umekwenda wapi mtagombana. Huyu wa kwetu alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akikaa kwenye jabali aliloachiwa na mama yake. Na palikuwa na Nyani, bwana mkubwa, kifua mbele, mikono mpaka magotini. Nyani alikuwa na jabali lake, kubwa, lenye kivuli. Lakini kila jioni alilitazama la Pimbi akaona na lile lingemfaa. Siku moja akaja na wanawe kumi na saba.

"Kibibi," akasema, "hama."

"Nihamie wapi, kaka Nyani?"

"Dunia pana hii. Utapata."

Pimbi hakuhama. Alikwenda kushtaki kwa Mzee Ndovu, mkubwa wa nchi ile. Bahati mbaya Ndovu alikuwa anaoza binti, kichwa kimejaa masufuria na wageni.

"Mimi nina harusi Ijumaa," akasema. "Nafasi ya kesi sina, na wapiga muziki pia sina. Kwa hiyo mtanipigia nyinyi. Mama yangu miguu inamuuma, atakaa kule mtoni, hasogei. Nataka asikie harusi ya mjukuu wake. Ambaye muziki wake utakuwa unamtikisa mama masikio wakati bibi harusi anaingizwa ndani, jabali ni lake. Haya, nendeni."

Nyani alicheka njia nzima. Pimbi alifika kwake akawakuta watoto wamelaliana kama mafungu ya viazi. Akawatazama.

"Sihami," akasema. Hakuna aliyemsikia, akarudia. "Sihami."

Asubuhi wakakutana kwa Fundi Kobe, mwenye vyombo vya muziki. Kobe alikuwa na spika kumi, na amplifaya mbili zimewekwa chini sakafuni. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, ina vitaa vya buluu, na mbele imebandikwa karatasi ya dhahabu: WATI ELFU KUMI. Ya pili ilikuwa nyeusi, imechubuka, nzito, wala haikubandikwa kitu.

Nyani alisimama mbele. Pimbi, kwa ufupi wake, hakuona chochote kwa mbele ila miguu ya Nyani, basi akazunguka nyuma. Na nyuma ya amplifaya, jamani, ndiko kwenye maneno. Kuna kibati kidogo, maandishi ya sisimizi. Nyuma ya ile inayong'aa paliandikwa: hizo elfu kumi ni za kufumba na kufumbua tu; kwa kupiga mfululizo ni wati mia mbili, spika mbili, basi. Nyuma ya ile nyeusi paliandikwa: wati mia tano mfululizo kila upande. Akazunguka nyuma ya spika pia. Kila spika: wati mia tatu.

Pimbi akapiga hesabu. Amplifaya ikiwa na nguvu kuliko spika, unaifungua nusu na inafanya kazi haitoki jasho. Ikiwa dhaifu kuliko spika, utailazimisha, na kitu kinacholazimishwa hukoroma.

"Mimi nachukua hii," akasema Nyani, ameikumbatia ya dhahabu. "Na spika zote."

"Kila mtu angalau mbili," akasema Kobe. "Ndivyo alivyoagiza Ndovu."

"Basi mimi nane."

Hapo Pimbi akafikiri sana. Nikimdanganya, atashtuka, maana mwongo humjua mwongo. Lakini nikimwambia kweli? Nyani hajawahi kusikia la mtu asiyemfika goti.

"Kaka Nyani," akasema kwa upole, "hiyo inabeba spika mbili. Ukiiongezea, itachemka."

"Ili zinazobaki uchukue wewe?"

"Na ukiona taa nyekundu inawaka, punguza. Inakwambia imefika mwisho."

"Nipunguze ili wewe usikike! Kobe, unamwona huyu?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Ugomvi wa wateja yeye hakuutaka.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa harusi ulikuwa chini ya jabali la Pimbi. Nyani akafunga vyombo vyake palepale karibu na masufuria ya pilau, mkono mmoja kwenye waya, mwingine kwenye sahani. Pimbi na watoto wanne walizivuta spika zao mbili na ile amplifaya nyeusi kwa kamba, sentimeta kwa sentimeta, mpaka juu ya jabali. Magoti yalichubuka. Mtoto wa tatu alilia, akaambiwa alie huku anavuta. Ukoo wa pimbi umekuwa ukipiga kelele kutoka juu kule tangu zamani, na Pimbi alijua fika kelele za juu zinafika wapi.

"Naanza mimi," akasema Nyani. "Wewe utapiga nikichoka, na leo sichoki."

Akaunga spika mbili. Du! Du! Du! Kule mtoni, sikio la Bibi Ndovu, yule mama yake Ndovu, likatikisika. Pimbi akalitazama lile sikio. Kweli alipatwa na hofu. Nyani angeishia hapo, jabali limekwenda.

Lakini Nyani akaongeza spika. Pimbi akasubiri.

Zikawa nne. Nyani akaongeza. Pimbi akasubiri.

Zikawa nane. Taa nyekundu ikapepesa. "Eti nipunguze," akasema Nyani, akafungua mpaka mwisho. Taa ikawaka moja kwa moja, haizimi, na Nyani akaonyesha wanawe kwamba mashine inamshangilia. Sauti ikaanza kukwaruza. Krrr-du! Krrr-du! Vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, twita, vikafa kimoja kimoja: pwi, pwi, pwi. Wageni wa mbele wakaziba masikio. Bibi Ndovu akakunja yake, akayabana shingoni.

Wakati huo bibi harusi ameshatoka kwa kungwi wake, anatembezwa taratibu kuelekea mlangoni. Hatua thelathini. Hatua ishirini.

Tik.

Kimya. Amplifaya imechemka, imejizima. Nyani akaipiga kofi. Akaipepea kwa sahani ya pilau. Ikapoa kidogo, ikajiwasha, akaifungua tena mpaka mwisho. Krrr — tik. Bibi harusi akasimama katikati ya njia, hajui aingie na nini.

"Kaka Nyani," Pimbi akauliza kutoka juu, "umechoka?"

Hakungoja jibu. Akawasha ile nyeusi, akaifungua nusu, basi. Dum-tika, dum-tika, dum-tika. Sauti safi ikatoka juu ya jabali, ikapita vichwa vya wageni, ikapita mahema, ikashuka mpaka mtoni. Sikio moja la Bibi Ndovu likafunguka. La pili likafuata. Kisha yule mama, ambaye miguu ilikuwa inamuuma tangu masika, akasimama. Hatua kumi. Hatua tano. Bibi harusi akaingia ndani, na bibi yake kule mtoni anapepea masikio na kupiga vigelegele.

Pimbi alikaa chini akalia, watoto wanne wamemparamia mgongoni.

Nyani aliibeba amplifaya yake mpaka kwa Kobe, ingali ya moto.

"Umenipa kitu kibovu."

Kobe akaigeuza, akampangusia kibati. Nyani akasoma polepole, kidole juu ya kila neno. Akasoma tena.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Pimbi alikwambia," akasema Kobe.

Na fundisho la ngano hii, wanangu, ni hili: ukienda kununua amplifaya, usizunguke nyuma, utajichafua bure. Chukua yenye namba kubwa na karatasi ya dhahabu. Unga spika zote za mtaa. Taa nyekundu ikiwaka, ongeza. Na mtu mfupi akikupa ushauri, jua ana wivu tu.

Mimi koo limekauka. Aliyesikia, ameshiba; aliyesinzia, amuulize jirani yake.

— Jirani naye kasinzia!

Basi shauri yenu.