Tunu na Kitambaa cha Asali

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na jino.

Jino la nani?

La mtoto. Basi tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, Mama Kindi aliishi ndani ya shimo la mti na mwanawe mchanga, Tunu. Kila Tunu alipolia, mama alichovya kitambaa kwenye asali, akamtia mdomoni. Tunu akanyonya, akanyonya, akalala nacho.

"Mwanangu hasumbui," Mama Kindi akajisifu.

Siku moja akaona madoa meupe kwenye meno ya Tunu. Madoa yakageuka kahawia. Kahawia ikageuka mashimo.

Na desturi ya kindi ni hii: mtoto haachishwi ziwa mpaka abanje kwa meno karanga yake ya kwanza mbele ya bibi yake. Siku yake ilipofika, Tunu akaiuma karanga, akaitema, akalia. Asiyeweza kubanja karanga, kiangazi atakula nini?

Mama Kindi akaenda kwa Ngedere. "Shoga, meno ya mwanangu yameingiwa na nini?"

"Kijicho hicho. Mfunge hirizi."

Akamfunga. Mashimo yakazidi.

Akaenda kwa Panya. Panya akasema, "Meno ya utoto hayo, yatang'oka tu. Mwache."

"Na mpaka yang'oke atatafuna kwa nini? Kwa masikio?"

Akarudi nyumbani akiwaza. Tunu amelala, kitambaa kimo mdomoni. Mara akaona sisimizi, mstari mrefu, wanapanda mti mpaka kwenye midomo ya Tunu.

"Kumbe ninyi ndio mnaomtoboa mwanangu meno?"

Sisimizi wa mbele akacheka. "Mama Tunu, usitusingizie. Sisi twafuata asali. Tukishalamba tunakwenda zetu; mwanao analala nayo mpaka aamke. Ondoa kitambaa, uone kama tutarudi."

Akakiondoa. Tunu akalia, mama akamwimbia mpaka akalala. Sisimizi hawakuja. Kesho yake hawakuja.

"Ala," akasema Mama Kindi, "hirizi nimeifunga shingoni, na adui nimemtia mdomoni mwenyewe."

Akakifua kitambaa kile kile, akakichovya kwenye maji safi, akamfuta Tunu meno na ufizi. Akafanya hivyo kila siku, na kila mara kabla ya kulala. Mashimo ya zamani hayakuzibika, lakini mapya hayakutokea.

Siku ya karanga ikafika tena. Tunu akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaibana kwenye meno mazima. Kacha!

"Bibi," akasema akitafuna, "nipe nyingine."

Basi wanangu, kitamu kinacholala na mtoto mdomoni humla mtoto meno. Mbembeleze kwa wimbo, mfute meno kwa maji.

Hadithi yangu imekwisha. Mwenye mabaki mdomoni akasukutue, ndipo akalale.