Basi la Juu ya Kinu

Haya, sogeeni. Mwenye kazi aende kazini. Sisi wenye digrii na nafasi tubaki hapa tusikilizane.

Palikuwa na ukumbi wa jujitsu mjini Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya kinu cha kusaga mahindi. Jujitsu ile ya Brazili: humpigi mtu ngumi, unamkumbatia mpaka asalimu amri mwenyewe. Ukumbini humo walikuwamo watatu waliochukiana kama wapangaji wanaotumia mita moja ya stima.

Wa kwanza ni Kerubo. Kipawa chake kilikuwa vidole. Alichuma majani chai kwao Kisii tangu darasa la tatu, na akikushika ukosi wa koti, ni heri ulivue koti umwachie. Alikuwa na digrii ya takwimu, second class upper, na sivii aliyoituma kila mahali, hadi kwa kampuni zilizokwisha kufungwa.

Wa pili ni Barasa. Kipawa chake kilikuwa uzito. Zamani alikuwa baunsa mlangoni mwa klabu, na akikulalia kifuani unakumbuka dhambi zako zote kwa mpangilio.

Wa tatu ni Ouma. Kipawa chake kilikuwa sauti. Aliuza mitumba bila kipaza sauti, na watu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakinunua shati ili anyamaze tu.

Sasa, kwenye mchezo huu aliyeshindwa hupiga mkeka kwa kiganja, naye mwenzake humwachia. Lakini juu ya kinu sakafu nzima inatetemeka. Kiganja nani atakisikia? Kwa hiyo Kocha Mutheu alitunga sheria yake: ukizidiwa, sema "Basi!" Na ukilisikia neno hilo, mikono ifunguke.

"Hata kama ni mtu huko chini anaulizia basi la Kisumu?" Ouma aliuliza.

"Hata huyo. Unaachia kwanza, maswali baadaye."

Wakafundishwa hivyo miaka nenda rudi, mpaka neno likawa halipitii tena kichwani. Lilitoka sikioni likaenda moja kwa moja kwenye vidole.

Siku moja Kocha akaning'iniza ufunguo wa ukumbi mbele yao. "Nataka mwalimu msaidizi. Kazi ya kudumu, nafasi ni moja. Tunaenda mashindano Nairobi. Atakayeuletea ukumbi huu dhahabu, ufunguo ni wake."

Kerubo akautazama ule ufunguo kama mtu anayetazama chapati kupitia dirisha la hoteli. Miaka minne ya "tutakupigia". Mamake alikuwa ameacha kumuuliza kwenye simu, "Umepata?" Siku hizi aliuliza tu, "Umekula?" na hilo ndilo lililouma zaidi.

Kuanzia jioni ile Barasa akamgeuza adui rasmi. Akimkaba, Kerubo alisema "Basi!" na Barasa, badala ya kuachia, alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Ndipo anafungua.

"Hukusikia?" Kerubo alikohoa.

"Kinu kina kelele, madam."

"Mbwa wewe."

"Hata mbwa ameajiriwa, graduate. Anabweka getini, analishwa. Wewe je?"

Kila jioni, moja, mbili, tatu. Kerubo alilala na shingo iliyovimba na matusi yaliyokosa pa kwenda. Lakini shingo ikajifunza. Ilijifunza kuzika kidevu, na kuvuta pumzi kidogo kidogo kama anayekunywa chai ya moto.

Nairobi, Barasa alitolewa mechi ya kwanza. Ouma alitolewa ya pili, akabaki kando ya mkeka amenuna. Kerubo akafika fainali ya wanawake, na mbele yake akasimama Nyaguthii, msichana aliyefunzwa na Kocha palepale juu ya kinu miaka mitatu, kisha akahamia ukumbi wa Nairobi wenye vioo na feni.

"Bado mnakula vumbi la unga huko?" Nyaguthii alitabasamu.

"Wewe ukijikung'uta tu, tunapika ugali," Kerubo akamjibu.

Dakika ya tatu Nyaguthii alikuwa mgongoni mwake, mkono umezunguka shingo. Kerubo akazika kidevu. Moja. Mbili. Tatu. Alipita hesabu ya Barasa, akafika saba, akafika kumi. Taa zikaanza kuwa na kingo nyeusi. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, na wallahi hakuna aliyejua hilo ila yeye.

Ouma naye alikuwa amesimama pale kando, akiuona ufunguo ukielekea kwa mwingine. Akiukosa yeye, basi aukose kila mtu. Akavuta pumzi, akaachilia ile sauti ya mitumba:

"Basi! Basi, refa, huyo amekwisha!"

Ukumbi mzima ulisikia. Lakini vidole vya Nyaguthii ndivyo vilivyotii. Vilifunguka vyenyewe, kama zamani, kabla kichwa hakijauliza ni nani kasema. Kerubo akageuka, akapenyeza vidole vya majani chai kwenye ukosi pande zote mbili, akavuta. Nyaguthii akapiga mkeka, na hapo hapakuwa na kinu. Kila mtu alisikia.

"Walisema basi!" Nyaguthii alilia.

"Mimi ndiye refa, na mimi sijasimamisha," refa akasema, akauinua mkono wa Kerubo.

Jumatatu stima ilikuwa imepotea. Kinu kimya. Kwa mara ya kwanza walisikiana vizuri, na hilo halikusaidia.

"Shingo ile niliitengeneza mimi," Barasa alisema. "Ningekuwa naachia mapema kama mnavyotaka, angezimia sekunde ya nne."

"Ulivunja sheria yangu kila siku," Kocha akasema.

"Na imekuletea dhahabu."

Ouma akacheka. "Mkono uliokuwa shingoni aliufungua nani? Mimi nilijua Nyaguthii ataachia. Ni psychology."

"Ulitaka kumzika!" Barasa alifoka.

"Nia yangu umeipimia kilo ngapi? Angalia results."

"Nyinyi wawili mlitaka kuniua," Kerubo akasema, "mmoja kwa mkono na mwingine kwa mdomo. Aliyekuwa chini ni mimi. Aliyevuta ukosi ni mimi. Neno lenyewe sikulisema."

Kocha Mutheu akamwangalia shingoni, kwenye alama ya zambarau. "Ouma asingepiga kelele, ungelisema?"

Kerubo akayabana meno, palepale neno lilipokuwa limefika.

Kocha akauweka ufunguo katikati ya mkeka.

Barasa alilipuuza neno, Ouma akalitumia vibaya, Kerubo akakaribia kulitamka. Ukimtoa mmoja, dhahabu haipo. Na usiniambie wagawane. Kazi ni moja, hata wewe uliyeketi hapo saa hii ya kazi unalijua hilo. Haya, inama uuokote ufunguo. Je, unampa nani?