Njuga Ndani ya Ukungu

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima na kupika uji kama sisi, palikuwa na vilima vitatu vilivyopandwa mizabibu kutoka bondeni hadi juu. Kila kilima kilikuwa na kijiji chake. Kati ya vijiji hivyo palikuwa na njia moja nyembamba ya wakimbiaji, iliyopanda na kushuka katikati ya mizabibu.

Wakimbiaji ndio waliopeleka habari na dawa. Miguuni walivaa njuga, ili kila aliyekuwa shambani akisikia chaka-chaka-chaka ajue mkimbiaji anapita na ampishe.

Mkimbiaji hodari kupita wote alikuwa Digidigi mmoja aitwaye Ndahani. Asubuhi moja ya ukungu alitoka Kilima cha Chini, na huko Kilima cha Juu hakufika. Baada yake Sungura alipotea, kisha Swala, kisha wengine wawili. Wote walipotea asubuhi za ukungu, katika kilima cha kati. Chui, aliyekuwa mlinzi wa mashamba yale, alisema hakuona kitu. Fisi, mzee Mgonela, alikwenda kwenye kila msiba na kulia kwa sauti kuliko hata wafiwa.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba mizabibu yenyewe inakula wapita njia. Wengine walisema wamewahi kusikia hatua nyuma yao, na wakigeuka hawaoni mtu. Basi njia ikaachwa, majani yakaota.

Mke wa Ndahani aliitwa Sechelela. Alikuwa mdogo hata kwa digidigi, miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno, lakini alikuwa na mbio na alikuwa na akili. Kijiji kizima kilimwita Mama Chiku, kwa jina la binti yake. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Seche, tena wakiwa nyumbani tu.

Siku moja alfajiri ikaja habari, iliyopigiwa kelele kutoka kilima hadi kilima, kwamba Chiku, aliyekuwa kwa bibi yake Kilima cha Juu, ameshikwa na homa kali na hatambui mtu. Mganga akachemsha dawa, akaitia katika kibuyu kidogo. Akauliza nani ataipeleka. Kila mmoja akatazama chini. Nje ukungu ulikuwa mzito kama maziwa.

Sechelela akachukua kibuyu, akakifunga shingoni. Mzee Mgonela alikuwa amesimama mlangoni na wengine. Akamshauri kwa upole asisahau kuvaa njuga, maana hiyo ndiyo desturi. Sechelela akashukuru, akavaa njuga za akiba alizoachiwa na mumewe, akaondoka.

Kilima cha kwanza alikipita salama. Alipoanza kupanda cha pili, hakuona tena mbele wala nyuma. Mizabibu ilitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, imenyoosha mikono, kisha ikapotea. Hakuna ndege aliyelia. Alisikia njuga zake tu.

Halafu akasikia kitu kingine. Ti, ti, ti, kwish. Ti, ti, ti, kwish.

Akasimama. Zile hatua nazo zikasimama, lakini moja ilichelewa. Kwish.

Akakimbia, na hatua zikakimbia. Akaongeza mbio, nazo zikaongeza. Akapunguza, zikapunguza. Kisha, kutoka ndani ya ukungu, sauti ikamwita. Ilikuwa sauti ya Ndahani.

"Mama Chiku, kimbia. Usigeuke nyuma. Kimbia moja kwa moja mbele."

Mwaka mzima Sechelela alikuwa ameitamani sauti ile. Alitaka kugeuka, alitaka kulia, alitaka kuitika. Machozi yakamtoka huku miguu ikiendelea kwenda.

Lakini wakati analia, jambo moja likamkwaza. Mama Chiku. Mumewe hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Anayemwita vile ni jirani.

Hofu ikamwachia nafasi kidogo ya kuwaza. Huyu aliye nyuma, akajiuliza, kwa nini hanikamati? Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Basi hataki kunishika. Anataka niende mbele. Kama anataka niende mbele, hatari iko mbele. Na huyo anayenisubiri atanionaje katika ukungu huu? Hatanijua kwa macho. Atanijua kwa njuga.

Sauti ikaita tena, "Mama Chiku, mbona unapunguza mwendo?"

Akajibu kwa sauti ya kutetemeka, na kutetemeka kwenyewe hakukuwa kwa kuigiza. "Mume wangu, mguu umeniuma. Ngoja nifunge njuga vizuri, kisha nakimbia kama unavyotaka."

Akainama. Akafungua njuga zote mbili, akaunganisha kamba zake, akafanya kitanzi chepesi. Akakitandaza katikati ya njia, akakifunika kwa majani makavu ya mizabibu. Kisha akakizungusha kibuyu mgongoni, akajipenyeza chini ya mizabibu, mahali ambapo mnyama mkubwa hawezi kupita, akalala kimya tumbo likigusa udongo.

Ukungu ukatulia. Hatua zikasubiri. Zikasubiri mno, mpaka zikakosa subira.

Ti, ti, ti, kwish.

Mgonela akatokea, pua chini, mguu wake wa nyuma ukiburuzika. Alipita karibu sana na Sechelela, harufu ya kinywa chake ikamfikia. Bado alikuwa ananong'ona kwa sauti ya marehemu, "Mama Chiku? Uko wapi, Mama Chiku?"

Mguu ukaingia kwenye kitanzi. Chaka!

Fisi akashtuka, akavuta. Kamba ikakaza. Chaka-chaka! Akaruka mbele kujinasua, njuga nazo zikaruka naye. Kadiri alivyokimbia ndivyo zilivyomlilia, na hapo njia ilikuwa imeshapita kilele, inateremka, hata kusimama hakuweza. Chaka-chaka-chaka-chaka, akazama kwenye ukungu.

Kikasikika kishindo kimoja, puu. Kisha mlio ambao Sechelela hakuusahau maisha yake yote.

Hakungoja kutazama. Alipita chini kwa chini, safu hadi safu, akavuka kilima cha kati, akapanda cha juu bila sauti yoyote miguuni. Bibi alimfungulia mlango. Chiku akanyweshwa dawa, na jua lilipopanda jasho likamtoka, akaomba uji.

Jua lilelile ndilo lililoondoa ukungu. Wachumaji wa zabibu wa vijiji vyote, waliokuwa wakipanda na vikapu vyao, wakamwona Chui katikati ya njia, amemkalia Fisi aliyevunjika kiuno.

Chui hakuwaona kwanza. Alikuwa akimnong'oneza mwenzake, "Sikujua ni wewe. Nilisikia njuga. Si tulikubaliana nikisikia njuga niruke?"

Aliponyanyua kichwa, wachumaji wote walikuwa wakimtazama. Akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Nyati wawili wakaweka vikapu chini. Chui akatimka kuelekea porini, na vilima vile hakuvirudia.

Sechelela alirudi jioni. Akamwinamia Mgonela, ambaye sasa alikuwa na sauti yake mwenyewe tu, tena ndogo. Akamwuliza mumewe yuko wapi. Fisi akaelekeza kwa pua.

Walichimba chini ya safu ya mwisho ya kilima cha kati. Wakapata mifupa ya wakimbiaji watano. Ile ndiyo iliyokuwa safu yenye zabibu nono kuliko zote, na hakuna nyumba ambayo haikuwa imezila. Wakaizika mifupa upya, mbali na mizabibu. Sechelela alikaa pale hadi wengine wote walipoondoka.

Basi, wanangu, mtu akiwatisha ili mkimbie, kabla ya kukimbia jiulizeni anataka mkimbilie wapi.