Inverta Kubwa, Betri Moja

Ndugu zangu, habari hii sikuletewa na mtu. Nilikuwepo. Tela lile nililiona kwa macho haya, na lilipokwama kwenye tope la kuingia Makambako, ni bega langu lililolitoa. Wengine walikuwa wanapiga kelele tu.

Palikuwa na bwana mmoja aliyenunua tela la kulala, nyumba nzima ya kukokotwa na gari. Alitaka kumpeleka mama yake Songea, akamwone dada yake kabla mmoja wao hajazikwa. Mama alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni, ya umeme.

Fundi akamuuliza, "Bosi, utawasha nini na nini, na kwa muda gani? Inverta inageuza umeme wa betri na kubeba vitu vingi kwa pamoja, lakini ya kukufikisha mbali ni betri."

"Niwekee inverta kubwa kuliko zote, ile yenye kioo kinachowaka. Betri moja inatosha. Si inakaa uvunguni? Nani ataiona?"

"Na mashine ya mama?"

"Ah, fundi! Mama hatumii umeme mwingi."

Mnacheka? Chekeni. Kwani wewe uliyekaa hapo mbele, kwako kinachong'aa si ndicho kilichonunuliwa kwanza?

Makambako wakasimama kusalimia ndugu. Bwana akawasha televisheni, spika, friji la soda. Mpira unachezwa, watu wamejaa mlangoni.

"Shemeji, hili tela au hoteli?"

"Bado hamjaona kitu!"

Inverta ikaanza kulia, tii, tii, betri inakwisha. Yeye akaongeza sauti ya mpira.

Mpira ulipoisha akakumbuka kumpelekea mama soda, kule nyuma ya pazia. Akakuta mashine imezimwa, na vidole vya mama bado viko kwenye swichi.

"Mama! Mbona umezima?"

Akajibu kwa shida, "Nilisikia chombo chako kinalia, mwanangu. Nikaona nizime changu, wageni wako wasikatiziwe."

Songea hakufika. Dada yake ndiye aliyekuja, akaonyeshwa kaburi.

Sisi je? Kamati ya harusi tumo, michango tumo, kila mtu aone tunavyobeba. Lakini kile cha uvunguni, sala ya chumbani, subira, kukaa na mzee ukamsikiliza, tumeweka kidogo tu. Na kikianza kuisha, hatuzimi vya kwetu. Anayezima ni yule aliye nyuma ya pazia, kwa sababu anatupenda. Mkeo aliacha lini kukwambia kifua kinamuuma? Baba yako aliacha lini kupiga simu? Unadhani hawana shida. Wamezima, ndugu zangu. Nendeni leo mkafunue pazia.

Na moja niseme kabla sijashuka hapa. Bega lilikuwa langu kweli, na swichi niliiona. Ila yale maneno ya mama nimeyatunga mimi. Mama hakujibu kitu. Yule bwana anamuuliza mpaka leo.